Kuifanya nyumba ya ukoo kuwa makumbusho: mwongozo kwa familia za Mji Mkongwe, Bagamoyo

Pita Mtaa wa India, Bagamoyo, asubuhi kabla jua halijawa kali, uziangalie nyumba za mawe moja baada ya nyingine. Zilizosimama na zilizobaki magofu nyingi ni rika moja, za matumbawe yaleyale na chokaa ileile. Kilichozitenganisha mara nyingi ni paa. Moja ilipovuja, mtu alipanda akaziba. Nyingine ilipovuja, warithi walikuwa wanasubiriana.

Mwongozo huu ni wa hao wanaosubiriana. Kwenu kuna nyumba aliyoijenga mwasisi wa ukoo: mfanyabiashara aliyeishi kwa misafara ya bara, au nahodha, au seremala, au mwalimu wa chuo aliyefundisha watoto wa nusu ya mtaa. Hamtaki iuzwe, hamtaki ianguke, na kuna mmoja wenu ameshasema kikaoni, "Kwa nini isiwe makumbusho?" Inawezekana. Nyumba ya Mwalimu Nyerere iliyoko Magomeni, Dar es Salaam, ilikuwa nyumba ya familia tu, na leo watu wanaingia kuitazama. Tanga, boma la zamani la Wajerumani limekuwa makumbusho ya mji, na utajiri wake mkubwa ni picha za zamani. Hapa kwetu, makumbusho ya Kanisa Katoliki yamo katika nyumba ya zamani ya masista wa misheni iliyoanzishwa mwaka 1868.

Sisi kwetu tumeipitia njia hii na tulikosea mapema kabisa. Nitayataja makosa hayo palepale yanapohusika, kwa sababu kila moja lilitugharimu ukuta au ndugu.

Hatua ya kwanza: kikao, kabla ya mwiko wa fundi

Msinunue hata ndoo ya chokaa kabla warithi wote hawajakaa. Sisi tulianza na ukarabati. Tukiwa tumefika nusu, binamu mmoja akaja na mnunuzi, na alikuwa na haki ya kuja naye, kwa kuwa hakuna aliyemuuliza kitu.

Nyumba nyingi za Mji Mkongwe bado zimo katika jina la marehemu aliyezikwa miaka sitini iliyopita. Mirathi haikugawanywa, vizazi viwili vimefuata, na leo wenye fungu wanaweza kuwa thelathini, mmoja yuko Unguja, mwingine Muscat, mwingine hajulikani aliko. Chukueni karatasi kubwa mchore ukoo wote kuanzia kwa aliyejenga. Wekeni na watoto wa kike, pamoja na uzao wao. Wanawake wa familia zetu husahaulika sana kwenye michoro hii, na ndio ambao baadaye huja na madai ya haki kabisa.

Kisha nendeni Mahakama ya Mwanzo kuomba msimamizi wa mirathi. Bila yeye hakuna atakayeweza kusaini kitu kwa niaba ya nyumba. Ofisi ya ardhi ya halmashauri itawaeleza kama kiwanja kina hati, na kama kodi ya pango la ardhi inadaiwa. Lipeni deni hilo mapema hata kama linauma.

Baada ya hapo kuna njia tatu ninazozijua. Mnaweza kuibakiza nyumba mikononi mwa familia chini ya maandishi mliyoyasaini wote. Mnaweza kuunda bodi ya wadhamini na kuisajili RITA, wakala wa serikali unaosajili wadhamini, ili nyumba iwe na mwenyewe ambaye hafi wala hagombani na mkewe. Au mnaweza kuiweka wakfu. Wakfu ni jambo zito: kilichowekwa wakfu hakiuzwi, hakirithiwi na mtu, na hakirudi. Ukoo wenye dini na wenye kauli moja utapata utulivu mkubwa humo. Ukoo ambao bado unavutana usiukimbilie. Mtafuteni shehe anayejua fikihi ya mirathi akae nanyi kabla ya kutamka neno.

Kwa njia yoyote mtakayoichukua, andikeni majibu ya maswali haya na kila mtu atie saini: nani anashika funguo, nani anaruhusiwa kuishi humo, vitu vya ndani ni vya nani, pesa ya kiingilio inakwenda wapi, na asiyetaka kabisa atafidiwa vipi. Hilo la mwisho msiliruke. Mtu mwenye shida ya ada za watoto akiambiwa asamehe fungu lake kwa ajili ya "historia," ana haki ya kukasirika.

Nyumba isiachwe tupu wakati mazungumzo yanaendelea. Akae mtu, hata chumba kimoja cha uani. Anayelala humo ndiye anayesikia tone likianguka usiku.

Hatua ya pili: jueni mlicho nacho mbele ya sheria

Sheria ya Mambo ya Kale, Namba 10 ya mwaka 1964, inalinda moja kwa moja majengo yaliyojengwa kabla ya mwaka 1863. Yaliyojengwa baadaye yanaweza kutangazwa na waziri katika Gazeti la Serikali. Zaidi ya hapo, milango na fremu za mbao zilizonakshiwa nchini kabla ya mwaka 1940 ni vitu vinavyolindwa, vyovyote umri wa nyumba utakavyokuwa. Anayekuja na gari la kubeba mlango wenu na bahasha mkononi anawaingiza kwenye kosa pamoja naye.

Kwa hiyo, nendeni ofisi ya Mambo ya Kale mapema. Wengi wetu huwaogopa tukidhani watatunyang'anya. Nendeni na picha, na swali lililo wazi: je, nyumba hii inalindwa, na kazi gani inahitaji kibali? Jibu mlipate kwa maandishi.

Umri wa nyumba huwa mgumu kuujua. Kumuuliza mzee "mwaka gani?" hakusaidii sana. Muulize kwa matukio. Ilikuwapo wakati wa vita vya Abushiri, yaani 1888 na 1889? Baba yake aliikuta wakati wa Mjerumani au ilijengwa Mwingereza ameshaingia? Bagamoyo ilikuwa makao ya Wajerumani mpaka walipohamia Dar es Salaam mwaka 1891, na boma lao hapa ni la mwaka 1897. Wazee wengi wanajua nyumba ya babu ilitangulia boma au ililifuata. Ulizeni watu wawili walio mbalimbali, muone kama wanakutana.

Pimeni nyumba sasa, kabla ya kugusa chochote. Futi kamba, karatasi ya miraba na mwanafunzi mmoja wa ufundi wanatosha. Kila ukuta upigwe picha kutoka mbele, kila mlango, kila kidaka (shubaka la ukutani), kila ufa ukiwa na rula kando yake. Andikeni tarehe kwa penseli pembeni mwa kila ufa pale unapoishia. Baada ya masika moja mtajua upi unatembea na upi umelala tangu enzi.

Hatua ya tatu: paa

Fedha ya kwanza yote iende juu. Najua mtu atataka kuanza na mlango au na kibao cha jina kwa kuwa vinaonekana. Mkatalieni kwa upole.

Masika ya Machi hadi Mei ndiyo yanayoua, na vuli humalizia. Maji yakiingia kichwani mwa ukuta wa matumbawe huteremka ndani kwa ndani, huozesha vichwa vya boriti vilivyolala ukutani, na ghorofa huanza kushuka bila mtu kuona kitu upande wa chumbani. Kama mapaa ya zamani ya chokaa yamepasuka na hamna uwezo wa kuyarudia kama yalivyokuwa, wekeni bati juu, lenye upenu mrefu, lililokaa kwenye kenchi zake na lisilogusa paa la zamani. Lina ubaya wake kwa macho, lakini linaondoleka siku mkipata uwezo. Karibu na bahari bati jembamba huliwa na kutu upesi. Geji 28 ni nene kuliko 30, na tofauti ya bei hurudi.

Gata ziende mbali. Maji yanayodondoka mguuni mwa ukuta yamebomoa nyumba nyingi kuliko vita. Kiwanja kiinamie upande wa nje, na udongo uliojikusanya ukapanda juu ya sakafu ya zamani uchimbwe urudi chini.

Mkikuta mche wa mkuyu umeota ukutani, msiung'oe kwa nguvu, kwa kuwa mizizi itatoka na mawe. Ukateni, uacheni ufe, rudini kuukata kila unapochipua.

Hatua ya nne: kuta, na kwa nini saruji ni adui

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu hapa ndipo nyumba zetu zinapokufa mikononi mwa watu wanaozipenda.

Methali tunaijua: usipoziba ufa utajenga ukuta. Kwa nyumba ya matumbawe, ukiziba ufa kwa saruji utaujenga huo ukuta vilevile. Ukuta wa zamani, wenye unene wa nusu mita hivi, umejaa vitundu. Unyevu unapanda kutoka ardhini, unaingia na upepo wa bahari, na kwa kuwa chokaa inapumua, unyevu huo hutoka tena na kukauka. Ukipiga lipu ya saruji umeufunga mdomo. Maji yatabaki ndani na chumvi yake. Chumvi ikikauka huwa fuwele, fuwele huvimba, na jiwe humeguka kuwa unga nyuma ya lipu inayoonekana nzima. Siku lipu hiyo ikidondoka, hudondoka pamoja na uso wa ukuta.

Ndivyo ulivyotuangukia ukuta wa ua. Fundi tuliyempa kazi alikuwa mtu wa nyumba za matofali, hodari kwa hizo, na alitaka kutusaidia. Baada ya mvua za pili tulimwita fundi mwashi mzee, wa wale wanaogonga ukuta na kusikiliza. Nilimpa shikamoo, akaitikia, akaweka kiganja ukutani muda mrefu.

"Mwanangu," akaniambia, "huyu mmemvika koti la mpira akiwa na homa."

Kwa hiyo, saruji iliyokwisha kupigwa iondolewe pale inapolia utupu ikigongwa. Itolewe kwa nyundo ndogo na patasi, bila mashine. Ile iliyoshika sana iacheni kwanza, kwa sababu kuibandua kwa nguvu kunang'oa jiwe.

Chokaa haihitaji tena kuchomwa kwa matumbawe ya bahari, na tusiiharibu bahari kwa jina la urithi. Tanga kuna miamba mikubwa ya mawe ya chokaa. Mapango ya Amboni yenyewe yamechongwa na maji ndani ya miamba ya aina hiyo. Mkipata chokaa mbichi, yaani mawe yaliyochomwa ambayo hayajazimwa, izimeni shimoni: maji yatangulie, kisha chokaa itiwe kidogo kidogo. Msimwage maji juu ya rundo la chokaa kamwe. Inachemka na kuruka, na jicho likiingia chokaa linapofuka. Miwani, mikono mirefu, watoto mbali. Ikishazimwa iacheni chini ya maji kwa mwezi mmoja angalau. Miezi mitatu ni bora, maana inazidi kulainika kama samli. Mkikosa hiyo, chokaa ya mfuko iloweke usiku mzima na mchana wake mpaka iwe uji mzito, ndipo itumike.

Mchanganyo wa kawaida ni chokaa moja kwa mchanga tatu. Mchanga uwe wa mto au wa shimo, wenye chembe kali. Mchanga wa ufukweni una chumvi, na chumvi ndiyo mliyokuwa mnaifukuza. Ukuta unyunyiziwe maji kwanza. Lipu ipigwe kwa tabaka jembamba lisilozidi sentimita moja, likamatike, ndipo lije la pili. Halafu ikingwe na jua kwa magunia yaliyoloweshwa, kwa wiki nzima au zaidi. Chokaa iliyokauka haraka huwa vumbi. Ndiyo maana kazi hii tunaipanga kipupwe, kuanzia Juni, mvua zikiwa zimekwisha na joto halijarudi.

Mwisho ni kupaka chokaa nyembamba kama maziwa, mikono minne au mitano. Rangi za plastiki za dukani ziacheni, zinafunga ukuta kama saruji.

Hatua ya tano: boriti, ghorofa na mlango

Vyumba vya nyumba zetu ni vyembamba na virefu kwa sababu ya mikoko. Boriti ya mkoko inayobeba ghorofa vizuri ina urefu wa mita mbili na nusu hadi tatu hivi, na fundi wa zamani aliukubalia mti kipimo chake. Jambo hili lielezeni kwa wageni. Watoto wa shule hulipenda sana wakiambiwa waupime upana wa chumba wenyewe.

Chomeni kila boriti kwa bisibisi pale inapoingia ukutani. Ikizama kama kwenye muhogo uliochemshwa, imeoza. Angalieni vijia vya udongo vya mchwa, na unga mwepesi sakafuni unaoonyesha kuna mdudu ndani ya mti. Hakuna kuondoa boriti hata moja kabla ya kupiga gadi, yaani miti ya kuegemeza, chini ya ghorofa yote inayoitegemea, na kabla mhandisi hajaona. Beit al Ajaib ya Unguja, jumba la mwaka 1883, liliporomoka upande mmoja tarehe 25 Desemba 2020 likiwa kwenye ukarabati. Nyumba kongwe inaweza kuwa imesimama kwa kuegemea kitu ambacho wewe unakiona hakina kazi.

Boriti mpya zinunuliwe kwa mwenye kibali cha Wakala wa Huduma za Misitu. Mikoko ni hifadhi, na makumbusho yanayojengwa kwa mti wa wizi yana aibu tangu msingi.

Mlango usipakwe vanishi wala rangi. Brashi laini kwenye nakshi, kitambaa kilichokamuliwa sana, basi. Kazi kubwa ni chini, kwenye kizingiti na miguu ya miimo, ambako maji ya mvua huruka. Pigeni picha mlango wote, mfaa (mti wa katikati ya mlango), kila ua la nakshi na kila msumari wa shaba, na nakala ya picha hizo iwe mahali pengine. Ukiibwa, picha ndiyo ushahidi wenu mpakani.

Hatua ya sita: simulizi, zote

Wakati lipu inakauka, wazee wanazeeka. Kazi hii isisubiri ukarabati uishe. Simu ya kawaida inarekodi vizuri. Keti na mzee barazani baada ya alasiri, na kwa bibi ingia uani, kwa kuwa mengi anayoyajua hatayasema mbele ya baraza ya wanaume. Omba ruhusa ya kurekodi na ya kuonyesha, mbili tofauti. Usiulize "nieleze historia." Uliza chumba: hapa alikuwa analala nani? Maji yalitoka kisima gani? Mgeni wa bara alipokelewa wapi? Nani alifia humu? Mpe picha za zamani mkononi akutajie majina, uyaandike papo hapo kwa penseli nyuma, taratibu.

Sasa neno ambalo familia nyingi zitataka kulikwepa. Bagamoyo ilikuwa mwisho wa njia ya misafara iliyotoka Ujiji na Tabora. Pembe za ndovu zilifika hapa mabegani mwa wapagazi, wengi wao Wanyamwezi, na watu walifika hapa wakiwa watumwa. Nyumba kubwa ya karne ile ya kumi na tisa ilijengwa na mikono, na sehemu ya mikono hiyo haikulipwa. Tanganyika ilifuta utumwa kisheria mwaka 1922 tu. Wapo wazee wetu waliolelewa na watu waliozaliwa kabla ya hapo.

Makumbusho yatakayosema "babu alikuwa tajiri na mkarimu" kisha yanyamaze yatakuwa yameidanganya nyumba yenyewe. Semeni alifanya biashara gani. Kama kuna chumba cha chini ambako wapagazi waliweka mizigo, au ambako watu walilazwa bila hiari yao, kionyesheni na mseme. Kama hamna uhakika, semeni wanavyosimulia wazee na kwamba ni masimulizi. Lakini msimtaje mtu aliye hai wala ukoo wa jirani kuwa wametokana na watumwa. Hilo ni lao kulisema wakitaka. Waalikeni mapema, kabla maandishi hayajabandikwa ukutani, wasome na waseme. Kwetu kikao hicho kilikuwa kigumu kuliko kile cha mirathi, na ndicho kilicholeta simulizi nzuri zaidi tulizonazo, ikiwamo ya mama aliyefua na kupika katika nyumba ile miaka mingi na ambaye jina lake halikuwa kwenye karatasi yetu yoyote. Sasa liko kwenye ukuta wa jikoni.

Jiko lenyewe lisidharauliwe. Kinu na mchi, mbuzi ya kukunia nazi, mtungi, kibia, upawa, kawa, vinafungua midomo ya wageni wa Kiswahili kuliko kitu kingine chochote. Kila mtu ana bibi yake.

Hatua ya saba: vitu na karatasi

Nunueni daftari gumu. Kila kitu kipate namba, mathalani mwaka kilipoingia kisha namba ya mfuatano: 2025.1, 2025.2. Andikeni ni nini, kimetoka kwa nani, ni zawadi au ni cha kuazima, kina kasoro gani. Anayeazimisha apewe hati. Ugomvi mwingi katika makumbusho ya familia huanza na sinia la shangazi lililotolewa kwa mdomo tu. Namba haibandikwi kwa gundi. Kwenye nguo shoneeni kipande cha bafta chenye namba. Kwenye chombo fungeni kwa uzi wa pamba.

Karatasi na picha haziwekwi laminesheni wala hazibandikwi selotepu, hata zikichanika. Ziskanini kwa ubora wa juu, nukta 600 kwa inchi kwa picha ndogo, na nakala zikae sehemu mbili tofauti. Barua za Kiswahili zilizoandikwa kwa hati za Kiarabu msizitupe kwa kuwa hakuna kijana anayezisoma; wapo walimu wa madrasa wanaozisoma, na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina wasomi wa akiolojia na urithi watakaofurahi kuitwa. Msahafu wa zamani uwekwe juu, kwenye marufaa, usiwe chini ya kitu chochote, na ushikwe na mwenye udhu.

Kanga, kanzu, kofia na mikeka adui yao ni jua na mdudu. Onyesheni nakala au mbadilishane, miezi mitatu nje, miezi mingine kabatini. Nguo yenye mdudu ifungwe ndani ya mfuko wa plastiki bila hewa, ilale kwenye friza ya nyuzi 18 au 20 chini ya sifuri kwa wiki mbili, kisha iachwe siku nzima ndani ya mfuko kabla ya kufunguliwa. Kabati likae mbali na ukuta, upana wa kiganja au zaidi, hewa ipite. Kiyoyozi kinachowashwa mchana na kuzimwa usiku kinadhuru kuliko joto letu la kawaida. Madirisha ya zamani yalijua kazi yake, yafungueni asubuhi, yafungeni upepo ukileta chumvi.

Hatua ya nane: kufungua mlango

Anzeni na siku mbili kwa wiki. Wanafunzi wa Bagamoyo waingie bure. Maelezo yote yawe kwa Kiswahili kwanza, herufi kubwa, sentensi fupi, na lugha nyingine chini yake. Juu ghorofani wasipande watu zaidi ya idadi aliyoitaja mhandisi. Waya za umeme za zamani zibadilishwe zote. Huko ndiko moto unakoanzia. Pawe na choo safi, na mzimamoto unaofanya kazi.

Mwongoza wageni awe kijana wa mtaa na alipwe. Wanafunzi wa TaSUBa, taasisi ya sanaa na utamaduni, wapo hapahapa mjini na wengi wao wanajua kusimama mbele ya watu; mnaweza kuongea nao. Afundishwe kusema "hilo sijui, nitamuuliza mzee," na kweli amuulize.

Akaunti ya benki iwe na saini mbili, za watu wasio wa tumbo moja. Nusu ya kila kiingilio tunaitenga kwa ajili ya paa na hatuigusi kwa arusi wala kwa msiba. Wafadhili wakija watauliza hati, vipimo na hesabu, na kwa kuwa mlianza na kikao na futi kamba, mtavitoa siku hiyohiyo.

Kisha ipangeni kazi ya mwaka. Juni hadi Septemba, lipu na chokaa. Oktoba, kabla ya vuli, kukagua mchwa na kusafisha kisima. Februari, kaskazi ikiwa bado inavuma na mawingu ya masika hayajakusanyika, mtu apande juu ya paa na ndoo, afagie majani kwenye gata, agonge kila msumari wa bati uliolegea, na akishuka aandike kwenye daftari tarehe na alichokiona.